Safari ya Timbwani Bila Hema

Mdogo wangu Kassim ni mpiga fidla, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa sikio lake. Hilo ndilo lililonitoa kwangu Jomvu, mimi Athumani, mtu wa miaka hamsini na sita nisiyependa kulala nje ya kitanda changu, nikaenda kulala ndani ya hema upande wa pili wa bandari pamoja na vijana wa nywele za kila rangi. Majirani mwaniuliza kila siku kule kulikuwaje. Nimechoka kusimulia kwa mdomo, maana kila nikianza narukia pale panaponiuma na yale mengine nayasahau. Safari hii nitajaribu kwenda kwa utaratibu.

Nianze na sababu. Kassim amekaa Likoni tangu alipooa, lakini fidla alijifunzia kwetu, ukumbini kwa marehemu mama, mimi nimekaa mbele yake na sahani yangu ya mbaazi. Mimi mwenyewe sijui kupiga hata zumari. Nilichojua ni kusikia. Nilikuwa namwambia, hapo umekwenda juu mno, hapo umeburura, hapo ndipo, usipaguse tena. Akazoea hivyo. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye kundi lake, hakuwa akikipeleka kipande kipya mbele za watu mpaka kwanza nikisikie mimi.

Kumbe masikio yenyewe yalikuwa yakiondoka. Karakana yangu iko Miritini, kando ya barabara kuu, na kazi yetu ni kuchomelea mageti na bodi za malori. Miaka thelathini ya nyundo na mashine ya kukatia chuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyeziba masikio, tuliona hayo ni mambo ya waoga. Daktari aliponipima akanambia kwamba sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka na hazirudi tena. Kweli. Ndege wa alfajiri walikuwa wameninyamazia siku nyingi. Mjukuu wangu akisema nami naona meno tu. Mchana mzima mji kwangu huwa kama ile saa ya baada ya chakula, kila mtu amejilaza, na mimi napita katikati yake polepole kama mtu aliye usingizini. Nisiwadanganye, kuna siku napenda kukaa humo ndani ya kimya.

Lakini fidla nayo ni sauti nyembamba. Miaka miwili Kassim alikuwa akija na vipande vyake, akinipigia, nami nikiangalia mkono wake unavyokwenda na kurudi, kisha namwambia mashallah, hapo pazuri. Sikumwambia kitu. Aliyejua ni mke wangu, mama Salim, peke yake.

Basi wiki moja ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama Salim akausikiliza, akaja karakanani kwa miguu kunisimulia kwa kinywa chake, neno kwa neno, karibu na sikio langu la kulia ambalo lina nafuu. Kassim alisema kundi lake limealikwa kwenye tamasha la muziki la nje, huko Timbwani, kwenye shamba la minazi, na watu watalala pale pale. Atapiga kipande alichokitunga mwenyewe, yeye mbele na wenziwe wakimfuata, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Njooni mlale, alisema, nataka kaka akisikie penye watu, kisha anambie ukweli, kwa sababu Jumatatu tunakwenda kukirekodi, na kikisharekodiwa hakibadiliki tena.

Nikazima mashine. Nikamwambia mama Salim amjibu kwamba tutakwenda.

Alhamisi jioni Kassim akatuletea kwenye simu orodha ya vitu vya kufungasha. Hema. Godoro la kupuliza au mikeka mizito. Tochi, ikiwezekana ile ya kufunga kichwani. Dawa ya mbu. Maji ya kunywa. Karatasi za chooni. Viatu vya kufunika vidole, na koti la mvua hata kama hakuna wingu. Mama Salim aliisoma yote akaiweka simu chini.

"Baba Salim," akanambia, "huu ni mwaliko au ni vita?"

Na mimi, nisiseme uongo, nikamuunga mkono. Kwetu mtu akikualika ukalale kwake huendi na kitanda. Ukienda na mto wako umemwambia mwenyeji kwamba hana mto. Maulidi tumekwenda, harusi za siku tatu tumekwenda, na kote tumekuta mikeka imetandikwa na maji ya kuoga yamewekwa. Mgeni huenda na nguo zake, na zawadi mkononi, na adabu. Tukakubaliana kwamba Kassim anafanya unyenyekevu wa mwenyeji asiyetaka kujisifu, au anatufanyia mzaha tu kama kawaida yake. Orodha tukaiacha kwenye simu.

Tukafungasha yetu. Sinia ya halua iliyofunikwa kwa kawa. Mahamri kwenye bati. Tende. Doti mpya ya kanga ya kumpa mke wa mwenyeji, awe nani awe nani. Udi na chetezo chake na makaa kidogo, kwa sababu mama Salim hawezi kulala mahali ambapo hapajafukizwa. Msala wa kuswalia. Kanzu yangu na vikoi viwili. Na birika ya kutawadhia, maana alisema vyoo vya watu haviamini. Nilipokuwa nafunga kamba akanitazama.

"Na ule ukweli alioutaka Kassim," akasema, "umeutia mkoba gani?"

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, mwanijua. Nikatoka nje nikakaa barazani mpaka zikapoa, na niliporudi alikuwa amelala.

Jumamosi baada ya adhuhuri tukaondoka. Mteja wangu mmoja alikuwa akipeleka mageti Likoni kwa pikapu, mageti niliyoyachomelea mwenyewe, akakubali kutupitisha Timbwani. Mama Salim akakaa mbele na sinia yake mapajani. Mimi nikakaa nyuma nimeyashika mageti yasicheze.

Zamani mtu wa huku kwetu akitaka kwenda Likoni ilikuwa lazima apite kisiwani ashuke kwenye feri. Sasa kuna hii barabara mpya inayoanzia huku huku Miritini, ikazunguka nyuma ya bandari yote. Sikuwa nimeipita. Dakika chache tu malori yakapungua, nyumba zikapungua, tukawa juu ya daraja. Chini ni mikoko na maji ya kijani, halafu mikoko tena, mpaka macho yanachoka. Ndege mmoja mweupe alikuwa akiruka sambamba nasi, mabawa hayatikisiki, na kwa kuwa mimi upepo siusikii sawasawa niliona kwamba ni sisi tuliosimama na ni nchi inayopita. Daraja la Mteza ni refu mno. Katikati yake nilisahau ninakokwenda. Nilisahau hata fidla, wallahi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku ya kwa daktari. Kisha tukashuka upande wa pili, pikapu ikaruka tuta, geti likanibana kidole, nikakumbuka yote.

Saa tisa na nusu tulikuwa mlangoni pa tamasha. Palikuwa na uzio wa makuti na bawabu mmoja mnene, mtu wa bara kwa lafudhi yake, aliyekuwa akiwafunga watu utepe wa buluu mkononi. Alitufunga na sisi. Mama Salim akamtolea salamu kamili, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, akamuuliza ya watoto, na nyuma yetu foleni ikarefuka. Halafu akauliza mwenyeji yuwapi.

"Mwenyeji gani, mama?"

Mwenye shughuli, akasema mama Salim, tumwamkue na tumpe kilicho chake. Yule bwana akageuka akatazama lile bango kubwa la matangazo, akatazama jukwaa, akatutazama sisi. Nilimsikia vizuri kwa sababu sauti yake nzito.

"Mama, hapa hakuna mwenyeji. Kuna kampuni tu."

Mke wangu akabaki na sinia mikononi. Simwoni mara nyingi akikosa la kufanya. Mwishowe akaifunua kawa akamkabidhi bawabu halua yote, akamwambia basi leo mwenyeji ni wewe. Wakaikata pale pale kwa kadi ya kazi, yeye na wenziwe wanne, na foleni nzima ikangojea wamalize kulamba vidole.

Ndani kulikuwa na mahema chini ya minazi, ya rangi ya machungwa, ya buluu, ya zambarau, yamesongamana mpaka ukingoni kwenye mwamba. Watu walikuwa wakitembea baina yake bila haraka, wengine pekupeku, mmoja amevaa mbawa za karatasi. Bibi mwenye daftari akatuuliza hema letu liko wapi atuoneshe pa kulisimamisha. Tukamwambia hatuna. Akauliza magodoro. Hatuna. Tochi? Mama Salim akamwonesha birika. Yule bibi akatusikitikia akaenda zake, nasi tukatandika msala chini ya mnazi tukakaa, mimi na kanzu yangu, vitu vyetu vimetuzunguka. Kassim alikuwa jukwaani akijaribisha vyombo, hashikiki kwa simu. Nikawaka. Nilimlaumu Kassim, nikailaumu kampuni, nikamlaumu mama Salim kwa neno lake la vita. Yeye akafungua bati akala hamri.

Ndipo akatoka mama mmoja kwenye hema la pembeni, wa miaka thelathini na kitu, akachuchumaa mbele yetu. Jina lake Njeri, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nakuru. Aliuliza kama tunangoja mtu, na tulipomweleza hakucheka, akauma mdomo tu. Hema lake lilikuwa la watu wanne, marafiki zake watatu walikuwa wamempigia asubuhi hawaji.

"Kujeni hapa kwangu," akasema. "Nililia nikiisimamisha peke yangu. Hata sijui kwa nini nilikuja."

Tukaingia. Njeri alikuwa na kila kitu cha kwenye ile orodha na zaidi: godoro la kupuliza kwa mguu, tochi ya kichwani na betri zake za akiba, kamba ya kuanikia, mifuko ya plastiki ya kutilia nguo mbichi, kijiko kisu na uma vilivyounganishwa pamoja. Mama Salim alikishika kimoja kimoja akakigeuza, akauliza cha nini, akasema subhanallah. Alipomaliza akatoa doti ya kanga akamwekea Njeri mabegani. Akamwambia tumekutafuta tangu mlangoni, mwenyeji wetu. Njeri akafuta macho kwa pindo la kanga yenyewe.

Chetezo chetu nacho kilipata kazi. Tulikiwasha nje, mbali na hema, maana Njeri aliruka alipoona makaa, na moshi wa udi ukaenda chini chini baina ya mahema. Watu wakaanza kutoka. Wakauliza ni nini, mama Salim akawaambia wasimame, akawafukiza nguo mmoja mmoja, wale wenye nywele za kijani na yule mwenye mbawa, nao wakafumba macho. Mimi nilikuwa nimejilaza nawatazama kwa mlango wa hema. Jua lilikuwa likishuka ndani ya moshi na kila mtu akienda taratibu, midomo inacheza bila sauti. Ningeweza kukaa hapo mwaka mzima.

Njeri akaninyoshea kikopo kidogo. Ndani yake kulikuwa na vitu viwili vya manjano, laini, vya ukubwa wa kunde.

"Za masikio, mzee. Hizo spika zitakuharibia masikio."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikashukuru nikavitia mfukoni. Leo kila fundi wangu karakanani ana vyake, na asiyevaa namfukuza kwa siku hiyo, lakini pale nilikaa tu na mkono mfukoni nikivibonyeza.

Baada ya alasiri Kassim akatupata. Akanipa shikamoo, akanibusu mkono, akacheka mpaka akakaa chini alipoona birika. Alikuwa amekonda. Akanivuta kando akanambia kwa sauti ya chini, kwa hivyo nikawa nasoma midomo, kwamba kipande chote ana hakika nacho isipokuwa mwisho wake.

"Mwisho usikilize sana, kaka. Sina mtu mwingine wa kumuuliza."

Nikasema inshallah.

Saa kumi na moja wakapanda jukwaani. Tulikuwa mbele, mimi katikati ya mama Salim na Njeri. Ngoma niliisikia. Gitaa nzito niliisikia, ilinipiga kifuani. Kisha wakapunguza, wakapunguza, Kassim akasogea mbele peke yake katika shati lake jeupe, akaiweka fidla begani, akainua uta. Mama Salim akanigusa kiganja: ndiyo hii.

Uta ukashuka. Nikapata kitu kidogo cha mwanzo, kama mtu anayesema chumba cha tatu. Halafu vidole vyake vikapanda juu ya shingo ya fidla, na hapo kwangu pakawa kimya. Jamani, nilikaza kusikia mpaka shingo ikaniuma. Nilimwona mdogo wangu anavyofumba macho. Niliona uta ukienda mrefu, ukirudi, ukitetemeka. Niliona watu wote wameacha kutembea, wengine wameshika vifua, na Njeri machozi yanamtoka bila kuyafuta. Minazi ilikuwa inapepea na bahari nyuma yake inang'aa, na katikati ya hayo yote Kassim alikuwa akinambia jambo kwa nguvu zake zote nami silipati. Sijapata kuwa mbali na mtu kama nilivyokuwa mbali naye pale, na tulikuwa hatua kumi. Kwa vidole vyake nilijua amefika mwisho. Alikaa hapo muda. Kisha mikono ya watu ikainuka yote pamoja.

Alitujia baada ya magharibi, jasho linamtoka, hakusalimu mtu mwingine.

"Je?"

Mgeni akiulizwa kama ameshiba husema ameshiba. Sisi ndivyo tulivyolelewa, hata kama sahani ilikuwa tupu. Nikamwambia mashallah, umepiga. Akanishika mkono. Akauliza, na mwisho, sijaupitiliza? Nikasema la, hapo hapo, usipaguse. Akashusha pumzi, akanikumbatia, akasema basi Jumatatu tutaurekodi hivyo hivyo. Mama Salim aliinama akawa anapanga vikombe ambavyo vilikwisha kupangwa.

Usiku sina la kueleza. Godoro la Njeri lilikuwa jema na mimi sikulala.

Alfajiri mama Salim akanigusa mguu, maana adhana siisikii. Tuliswali ukingoni kwenye mwamba, sisi na watu wachache. Ukungu mwembamba ulikuwa umelala juu ya mahema na hakuna aliyeamka, zile rangi zote zimefifia. Kassim alikuwepo. Tulipomaliza akanimiminia kahawa, tukakaa juu ya jiwe. Nikaona nikiimaliza ile kahawa sitasema tena.

"Kassim, jana sikukusikia."

Alidhani nalaumu mitambo. Akauliza kama spika za upande wetu zilikuwa mbaya.

"Spika hazina neno. Ni mimi. Fidla siisikii. Mwaka wa pili huu."

Akaniangalia mdomo, kama mimi ndivyo ninavyoangalia midomo ya watu. Akauliza, na kile kipande nilichokupigia siku ya Idi? Nikasema sikukisikia. Akasema ulilia, kaka. Nilikuona kwa macho yangu ulilia.

"Nililia kwa kuwa sikusikia kitu."

Kassim akamwaga kahawa yake kwenye majani. Akainuka akaenda, akapotea baina ya mahema. Nilibaki kwenye jiwe nikiona haya kuliko nilivyopata kuona maishani mwangu. Miaka miwili amevipeleka vipande vyake kwa watu akidhani vimepita kwenye sikio la kaka yake, na kumbe vilipita kwenye adabu tu.

Saa mbili asubuhi tukalikunja hema la Njeri. Kulisimamisha alisema alilia, kulikunja tulilia sote watatu kwa kucheka, maana halirudi kwenye mfuko wake kwa hali yoyote. Akaagana na mama Salim kwa kupeana nambari za simu. Tulikuwa tunabeba vitu vyetu kwenda barabarani ilipoingia tuk-tuk, Kassim kakaa ndani na sanduku la fidla magotini. Akashuka akachukua birika, akachukua mkoba, akapakia. Hakunitazama.

Hapa nawaomba ruhusa niruke kidogo. Nieleze kwanza kuvuka, kwa kuwa ni kufupi, kisha nirudi. Tulivuka kwa feri baada ya alasiri, tumesimama katikati ya watu na vikapu vyao, na mama Salim aliulizwa na bibi mmoja tumetoka wapi na mizigo hii. Akamweleza tamasha. Akamwambia mwanangu ukialikwa huko nenda na hema, na tochi, na godoro, na vizibo vya masikio, na usimtafute mwenyeji mlangoni, atakutokea mwenyewe. Akaniongezea mimi sikioni, mkono mdomoni, kwamba na halua pia nenda nayo, haikutupwa. Mimi nilichojifunza ni kingine. Nilijifunza kwamba nilikuwa nimejifanya mgeni kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Hiyo ndiyo safari. Sasa nirudi kwenye tuk-tuk.

Haikutupeleka feri. Ilikata ikaingia mitaa ya ndani mpaka nyumbani kwa Kassim. Mkewe alikuwa kwa mamake. Kassim akafunga madirisha yote, akazima feni, akaniweka kwenye kigoda, akamwambia mama Salim shemeji kaa popote. Akatoa fidla. Ndipo akanitazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nitaanza chini," akasema kwa sauti kubwa, wazi. "Nitapanda kidogo kidogo. Ukiacha kunisikia, inua mkono."

Akaburura uzi mnene. Nikausikia. Akapanda. Nikasikia, nikasikia. Uzi wa pili nikausikia kwa mbali, wa tatu ukawa hewa tu yenye umbo, na kidole chake kilipofika mahali fulani pakakatika. Nikainua mkono. Akarudia, nikainua pale pale. Akaingia chumbani akatoka na wanja wa mkewe, akatia alama nyeusi kwenye shingo ya fidla, pale masikio yangu yanapoishia. Karibu na fidla hiyo Kassim haweki hata chupa ya maji.

Kisha akalegeza nyuzi zote, akakaa kufikiri muda mrefu, midomo inacheza. Akakipiga kile kipande chake, kizima, chini ya ule wanja. Alikuwa amekishusha chote. Kilikuwa kizito, kina mikwaruzo, na mahali pawili alikosea kwa kuwa hajapata kukipiga hivyo. Lakini nilikisikia. Nilisikia ukumbi wa mama. Nilisikia anavyouliza, anavyojijibu, anavyokataa jibu lake, na nilijua kwa nini Njeri alilia. Mama Salim alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. Kikafika mwisho, kikasema kilichotaka kusema, na kikaendelea kusema.

Kassim akaondoa uta. Safari hii hakuniuliza je.

"Kizuri," nikamwambia. "Kizuri mno. Lakini mwisho wake mrefu. Umemaliza, halafu umeendelea."

Akaiweka fidla mapajani. Niliogopa, maana nilikuwa nimemuumiza asubuhi na sasa naongeza. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Najua," akasema. "Najua tangu nilipokitunga. Nilikuwa nataka uniambie wewe."